Wajapani waliondoka Lower Moshi, mpunga ukabaki, maji yakapungua. Kosa lilikuwa wapi?

#1 Jarubani

Wakuu, salaam. Tangu USAID, shirika la misaada la Marekani, ifungwe rasmi 1 Julai 2025, mazungumzo ya misaada ya kilimo yamekuwa ya fedha tu: nani kaondoka, nani ataziba pengo. Mimi naleta swali jingine. Mtaalamu akishaondoka, shambani hubaki nini? Na kwa nini mara nyingine kile kilichobaki ndicho kinachozua ugomvi?

Nachukua mfano wa Lower Moshi, skimu ya umwagiliaji mkoani Kilimanjaro, kwa sababu una umri wa kutosha kupimwa. JICA, shirika la misaada la Japani, waliandaa mpango wa maendeleo wa Mkoa wa Kilimanjaro 1977. Skimu yenyewe ilikamilika 1987 kwa mkopo wa yeni, na juu ya mkopo huo ukaja ushirikiano wa kiufundi: wataalamu, mashamba ya majaribio, mbegu, matrekta. Jumla ilikuwa hekta 2,300, kati yake 1,100 za mpunga, kwa maji ya mito Rau na Njoro. Mbegu ilikuwa IR54 kutoka Ufilipino. Mavuno yaliyokuwa yakizunguka tani 2 kwa hekta yakafika 6 na kupita. Baadaye eneo linalopata maji likaanza kupungua mwaka hadi mwaka.

Dai langu: mradi uliponzwa na mafanikio yake. Wakulima walio juu ya mabanio (kuta zinazoinua mto ili maji yaingie mfereji) waliona mpunga unalipa, wakaiga, wakachepusha maji kabla hayajafika kwenye skimu. Anayepinga alete hoja.

#2 Mfongo

Napinga neno "wakachepusha". Mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, ilikuwepo miaka mingi kabla ya banio la zege, ina wenyewe, ina zamu zake, na kila koo inajua siku yake. Aliyechora skimu alipima maji yanayofika pale alipotaka kujenga banio, akayahesabu yote kuwa ya skimu. Hayo yalikuwa maji ambayo watu wa juu hawakuyahitaji *mwaka ule*, kwa mazao waliyokuwa nayo *mwaka ule*. Zao lilipobadilika, hitaji likabadilika. Mwenye haki ya kale asiitwe mwizi kwa sababu tu haki yake haikuandikwa kwenye mchoro.

#3 Kikokotoo

Tuweke namba mezani, maana bila namba mtazunguka hapa mpaka kesho.

Jaruba (kipande cha shamba la mpunga chenye kingo za kuzuia maji) lililojaa likipoteza milimita 10 kwa siku (jua, mmea na kuzama ardhini), hekta moja inakula mita za ujazo 100 kwa siku. Gawanya kwa sekunde 86,400, unapata lita 1.16 kwa sekunde kwa hekta. Zidisha kwa 1,100: lita 1,276 kwa sekunde zikiwa shambani. Tuseme mifereji inafikisha asilimia 60 ya kilichoingia, basi banioni unahitaji zaidi ya lita 2,100 kwa sekunde. Na hapo bado hujavuruga, yaani kukoroga udongo na maji kuwa tope. Kulowesha na kuvuruga hekta moja kunataka milimita 200 hivi, yaani mita za ujazo 2,000, tena kwa siku chache na kila mtu anazitaka wiki moja.

Sasa weka hekta 300 za mpunga juu ya banio, kwa mifereji ya udongo inayofikisha nusu. Hizo peke yake zinameza kama lita 700 kwa sekunde. Huhitaji mwizi wala mchawi, hesabu tu inatosha kukausha mkia wa skimu.

#4 Bwana Haro

Mkuu Kikokotoo, wewe hata kisima ukikiona utakiuliza lita ngapi 😄. Ila umesahau mashine. Trekta zile zilikuja na rotaveta, mashine ya visu vinavyozunguka kuvuruga udongo, kazi ikawa siku mbili badala ya wiki mbili. Mashine ikifa, ratiba nzima ya maji inakufa nayo.

Rotaveta ina visu vya kushoto na vya kulia. Fundi akivifunga upande usio wake, mashine inachimba mtaro katikati au inarusha udongo pembeni, na jaruba lililokuwa sawa linakuwa bonde. Visu vikiisha urefu, dereva anaongeza mwendo wa shafti ili apate tope, boksi la gia linachemka, sili inavuja, maji ya tope yanaingia kwenye oili. Ukiona oili ya boksi imekuwa rangi ya chai ya maziwa, simamisha kazi siku hiyo hiyo. Sili ni kitu kidogo, lakini kama duka la karibu lenye saizi hiyo liko nchi nyingine, trekta linakaa chini ya mwembe msimu mzima.

Kwa hiyo nasema: msaada ulileta mashine bila njia ya vipuri. Wakulima wakalima kwa kuchelewa, kila mmoja wiki yake, na zamu ya maji iliyopangwa kwa kitalu kimoja kulimwa pamoja ikavurugika. Maji hayo hayo, lakini yakitembea mfereji mrefu kwa ajili ya majaruba machache, yanapotea njiani.

#5 Theluji

Naona mnazunguka. Barafu ya Kilimanjaro inayeyuka, mito inapungua, basi. JICA wala wakulima wa juu hawahusiki.

#6 Mfongo

@Theluji hapana. Mchango wa barafu kwenye mito na chemchemi za mlima ni mdogo sana. Maji ya Njoro na chemchemi za tambarare yanatokana na mvua inayonyesha ukanda wa msitu na kuzama ardhini. Ukitaka kulia, lilia msitu na mvua. Barafu ikiisha yote utapoteza picha nzuri na utalii, chemchemi hazitakauka kwa sababu hiyo.

#7 Theluji

Sawa mkuu, nimekubali kuhusu barafu. Lakini msitu kukatwa na moto wa mlimani bado ni sababu, na hakuna aliyeitaja hadi sasa.

#8 Dada Kitalu

Habari zenu. Mnajadili zege na maji, mmeacha kilichobaki kweli, yaani ujuzi. KATC, kituo cha mafunzo ya kilimo cha Kilimanjaro, ilianzishwa 1994 pale Chekereni, Lower Moshi, ikafuatiwa na awamu ya pili 2001 hadi 2006, kisha TANRICE, mradi wa mafunzo ya mpunga uliosaidiwa na Japani, kuanzia 2007 ikaupeleka utaratibu ule ule kwenye vyuo vya kilimo vya Ilonga, Igurusi na Ukiriguru, na Kizimbani kwa upande wa Zanzibar. Huo ndio msaada wa kiufundi hasa. Mfereji ni mkopo, unalipwa. Watu wanavichanganya viwili hivi kila siku.

Utaratibu ulikuwa hivi. Skimu inachagua wakulima viongozi, nusu wanawake. Wanakwenda chuoni siku 12 pamoja na afisa ugani wao. Wakirudi, kila mmoja anawashika wakulima wengine watano, kisha yanafanyika mafunzo shambani mara tatu: wakati wa kupandikiza, wakati wa palizi na wakati wa kuvuna. Kuhusisha wanawake hakukuwa pambo. Anayeng'oa miche, kupandikiza na kupalilia ni mwanamke, na ukimfundisha mume peke yake nafasi ya sentimita 20 kwa 20, habari hiyo inaishia kijiweni.

Ukitaka ushahidi, wachumi walifuatilia skimu ya Ilonga kule Kilosa kwa miaka kadhaa. Wakulima viongozi walitoka tani 3.1 kwa hekta hadi 5.3. Wale wa kawaida, ambao hawakwenda chuoni kabisa, walitoka 2.6 hadi 3.7. Pengo lilipanuka mwanzoni, baadaye wa kawaida wakaanza kuwafuata.

#9 Jarubani

Dada Kitalu asante, hiyo ni hoja nzito. Tuwekee hatua zenyewe ili wanaosoma kimya wafaidike.

#10 Dada Kitalu

Kwa ekari moja ya mpunga wa kupandikiza:

Mbegu. Ekari ina mita za mraba 4,047. Kwa 20 × 20 unapata mashina 25 kwa mita ya mraba, kama mashina 101,000. Miche miwili kwa shina ni miche 202,000. Punje elfu moja zina uzito wa gramu 28 hivi, kwa hiyo mbegu halisi ni chini kidogo ya kilo 6. Ongeza zisizoota na miche inayovunjika, kilo 10 zinatosha. Anayemwaga kilo 30 analisha ndege.

Kuchagua. Koroga chumvi kwenye ndoo ya maji mpaka yai bichi lielee na kuonyesha mgongo mdogo juu. Toa yai, mimina mbegu, koroga, zinazoelea zitupe kwa kuku. Zilizozama zisuuze kwa maji safi mara tatu. Wengi hukosea hapa, hawasuuzi, chumvi inazuia uotaji, halafu wanasema mbegu ya dukani mbovu. Loweka saa 24, toa, funika kwa gunia bichi saa 48 hadi vijino vyeupe vitokee.

Kitalu. Gramu 100 kwa mita ya mraba, yaani vitanda 10 vya mita 1 kwa 10 kwa kilo 10 zako. Kitanda kiwe juu ya maji, mfereji mdogo pembeni. Mbegu zikibanana, miche inakuwa mirefu myembamba na inalala ukiipandikiza.

Kusawazisha. Hii ndiyo roho ya kazi. Tofauti kati ya pembe ya juu na ya chini ya jaruba isizidi sentimita 5. Ikiwa 15, upande mmoja miche inazama na upande wa pili magugu yanaota, na utamlaumu mgawa maji bure. Tumia maji yenyewe kama pima maji: jaza kidogo, kinachochomoza ondoa kwa ubao.

Kupandikiza siku ya 21, kina cha sentimita 2 hadi 3. Mbolea ya kukuzia, mfuko mmoja wa urea siku ya 14 baada ya kupandikiza, na wa pili mpunga unapoanza kutunga kimasuke ndani ya shina, siku 60 hadi 65 kabla ya kuvuna. Pasua shina kuu kwa kisu, ukiona kitu kama nywele nyeupe yenye urefu wa milimita 1 hadi 2, wakati umefika. Usihesabu kwa kalenda peke yake, baridi ya Juni inachelewesha. Toa maji kwanza, weka urea kwenye tope, rudisha maji kesho yake.

#11 Lumbesa

Asante dada. Nyongeza: SARO 5 ndiyo mbegu ya Wajapani iliyotuokoa baada ya IR54.

#12 Bwana Haro

@Lumbesa sahihisha, mkuu. SARO 5 ni TXD 306, imezalishwa na watafiti wa hapa hapa Tanzania, na ile D ni ya Dakawa. Ina harufu kiasi, si kama Supa, lakini fupi na haianguki ukiipa mbolea. Wajapani waliifundisha kwenye mashamba yao, hawakuizaa. Na kabla hujataja NERICA: ile inajulikana zaidi kwa mpunga wa nchi kavu, kutoka Afrika Magharibi, mchanganyiko wa mpunga wa Asia na ule wa asili wa Afrika. Haina kesi Lower Moshi.

#13 Lumbesa

Nimesahihishika. Basi tuseme watafiti wetu walizalisha na mafunzo ya nje yakasambaza. Hapo mshindi ni ushirikiano. Ila SARO 5 na ugonjwa wa kimyanga mnaziongeleaje? Ugonjwa huo ukiingia jarubani majani yanakuwa ya njano na shamba linadumaa.

#14 Dada Kitalu

Kimyanga hakina dawa ya kunyunyiza, ni virusi. Ng'oa miche yenye dalili kitaluni kabla ya kupandikiza, usipunguze ncha za majani kwa panga moja kitalu kizima, choma maotea (mpunga uliochipua wenyewe) ya msimu uliopita, na msipande kwa kuachana miezi mitatu jirani kwa jirani. Hapo tunarudi kwenye hoja ya Bwana Haro #4: kila mtu akilima wiki yake, wadudu wanaobeba ugonjwa wana chakula mwaka mzima.

#15 Mwana Thiba

Jamani hamjambo, mimi niko upande wa Kenya, nisikilizeni kuhusu skimu ya mpunga ya Mwea. Mito ni miwili pia, Nyamindi na Thiba, na Japani walihusika kuiunganisha kwa mfereji. Ujuzi ulikuwepo, kituo cha utafiti cha MIAD kilikuwepo, banio zuri lilikuwepo. Kilichovunja skimu 1998 hakikuwa maji. Wakulima walikataa mpangilio wa Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji, ambapo shamba la ekari nne si lako, mpunga wako unauzwa na mwingine, na makato yanafanywa kabla hujauona. Wakaanza kupeleka mpunga kwa ushirika wao. Bodi ikatoka shambani, na ndani ya misimu michache mifereji ikajaa tope, kwa sababu hakuna aliyejua nani anasafisha nini. 2003 wakakubaliana: bodi ishike mabanio na mifereji mikuu, chama cha watumia maji kishike matawi.

Kwa hiyo mimi naweka sababu nyingine mezani: nani mwenye mpunga na nani mwenye koleo. Mtaalamu hawezi kuleta hilo kwenye sanduku.

#16 Jarubani

Mwana Thiba karibu sana. Lakini si mlijenga bwawa baadaye? Hiyo inaonyesha maji nayo yalikuwa tatizo.

#17 Mwana Thiba

Kweli, bwawa la Thiba, mita za ujazo milioni 15.6, likakamilika 2022. Mkopo wa Japani ulikuwemo katika mpango mzima pamoja na fedha za serikali ya Kenya. Sikusema maji si tatizo. Nimesema ukiongeza maji kwenye skimu ambayo watu hawajakubaliana, unaongeza ugomvi wenye maji.

#18 Ndiva

Naunga mkono upande wa Mfongo kwa mfano wa bonde la Usangu kule Mbeya. Banio la asili la mawe, miti na majani linavuja. Lile kuvuja ndilo lililokuwa mgao wa watu wa chini! Mafuriko yakija linasombwa, maji yanaenda, wiki mbili watu wanajenga upya. Ukija na mradi wa "kuboresha", ukaweka zege na lango la chuma, wa juu anaweza kuchukua mto wote wa kiangazi kwa kukaza mkono wa lango mara kumi. Karatasi ya mradi itaandika ufanisi umepanda. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, na mabanio bora yalishiriki. Wengine wanalaumu mifugo, ugomvi huo haujaisha, lakini chunguza malango.

Kama unajenga banio, weka kizingiti cha kugawa kwa uwiano badala ya lango: ukuta wa zege wenye uwazi mbili, mmoja mita 1, mwingine mita 2, sakafu zote usawa mmoja. Mto ukiwa mdogo au mkubwa, theluthi inaenda huku na theluthi mbili kule. Hakuna ufunguo wa kugombania, na mtoto wa darasa la tatu anaona kama kuna aliyeweka jiwe.

#19 Kikokotoo

@Ndiva hiyo ya uwiano ni nzuri, ila ina sharti. Maji yafike kwenye kizingiti yakiwa yametulia, mfereji unyooke mita kadhaa kabla yake. Kona ikiwa karibu, maji yanagonga upande wa nje na uwazi ule unapata zaidi ya haki yake. Na tope likijaa mbele ya uwazi mmoja, uwiano umekufa bila mtu kugusa. Usafishaji uandikwe kwenye katiba ya chama, kwa tarehe.

#20 Hazina Ndogo

Mmeacha chumba kimoja: ofisini. Ushirikiano wa kiufundi una pande mbili za mkataba. Serikali inayotoa inaleta mtaalamu, vifaa na mafunzo. Serikali inayopokea inaahidi ofisi, maofisa wa kufanya kazi bega kwa bega na mtaalamu, mishahara yao na fedha za uendeshaji. Huko ndiko panapovuja kuliko mfereji wowote. Fedha ya upande wetu ikitoka robo ya tatu ya mwaka wa fedha, msimu wa kupandikiza umeshapita. Ofisa aliyefundishwa miaka mitatu anahamishwa kwenda wilaya isiyo na jaruba hata moja. Mtaalamu akiona hivyo analipa mafuta na posho kwa fungu lake ili kazi iende, na siku anaondoka kazi inasimama siku hiyo hiyo, kwa sababu haikuwahi kuingia kwenye bajeti ya halmashauri.

Kipimo changu ni kimoja: katika mwaka wa mwisho wa mradi, fungu la mafuta ya pikipiki ya afisa ugani linatoka wapi? Kama bado liko kwa mfadhili, andika tarehe ya kifo.

#21 Bwana Haro

Hazina Ndogo umegonga penyewe. Lakini Lower Moshi baada ya 1993 serikali ilijiondoa kwenye huduma nyingi na chama cha wakulima wa mpunga, CHAWAMPU, kikabeba mzigo. Kwa hiyo kesi yako si ya kuhamisha maofisa tu. Ni ya kuhamisha deni kwa wakulima bila kuwahamishia mamlaka. Chama kinakusanya ada ya maji, lakini hakina ubavu wa kumzuia mtu wa kijiji cha juu asiye mwanachama.

#22 Jarubani

Mwenye ubavu huo kisheria ni nani?

#23 Hazina Ndogo

Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, inatoa vibali vya matumizi ya maji chini ya Sheria Na. 11 ya 2009. Tume ya Taifa ya Umwagiliaji ilikuja na sheria ya 2013. Na usisahau chini kabisa ya mto kuna mitambo ya umeme: Nyumba ya Mungu, Hale, Pangani Mpya ya 1995, nayo ilijengwa kwa misaada ya nchi za Nordiki. Nchi moja inafadhili mpunga ule maji, nyingine inafadhili mitambo isubiri maji yale yale. Hawakukaa meza moja.

#24 Theluji

Hii ya #23 inaniingia kuliko zote.

#25 Lumbesa

Mbona mnaongea kama misaada yote ni ya mfereji wa kushuka? Dakawa maji yanapandishwa kwa pampu za umeme kutoka mto Wami, hekta 2,000. Skimu ilianzishwa kwa msaada wa Korea Kaskazini, Wachina wakaja na kituo cha mfano cha teknolojia ya kilimo 2011, na Wamarekani wakaifanyia ukarabati kupitia mpango wa Feed the Future. Mataifa matatu tofauti, jaruba moja! Pale ujuzi upo, mbegu ipo, lakini bili ya umeme ikichelewa wiki moja wakati mpunga unatoa maua, msimu umekwisha. Wapangaji waulize kwanza gharama ya kunyanyua maji mita moja kabla ya kuuliza mbegu.

#26 Dada Kitalu

Kwa skimu yenye maji ya shida, jifunzeni kunywesha kwa kupokezana, kulowesha na kuacha. Mwea walilifanyia kazi sana kati ya 2012 na 2017 kwenye mradi wa pamoja na Japani. Chukua bomba la plastiki sentimita 30, kipenyo 10 hadi 15, toboa nusu ya chini matundu mengi, lizamishe sentimita 15, toa udongo wa ndani. Wiki mbili baada ya kupandikiza unaanza: maji yakishuka ndani ya bomba hadi sentimita 15 chini ya uso wa jaruba, nywesha hadi sentimita 5 juu. Wiki moja kabla ya maua hadi wiki moja baada ya maua, usiruhusu likauke. Palizi ya mashine ya kusukuma siku ya 14 na ya 28 hivi, kwa sababu magugu yatakuja zaidi kuliko ukigharikisha.

#27 Mfongo

Dada, kwa heshima, usiipeleke hiyo moja kwa moja Chekereni. Sehemu za chini za skimu zina udongo wa chumvi na magadi. Ukiacha jaruba likauke, unyevu unapanda na chumvi inabaki juu, ukungu mweupe. Pale maji ya kugharikisha yanaosha.

#28 Dada Kitalu

Umesema kweli kaka, nilipaswa kulitaja. Kwenye udongo wa namna hiyo tumia sentimita 5 badala ya 15, na hakikisha mfereji wa kutoa maji unafanya kazi, maana kuosha bila pa kutokea ni kuhamisha chumvi kwa jirani.

#29 Jarubani

Wakuu, mpaka sasa nina: kuigwa na watu wa juu (mimi), haki ya kale isiyoandikwa (Mfongo), vipuri na ratiba (Bwana Haro), umiliki (Mwana Thiba), zege lisilovuja (Ndiva), bajeti (Hazina Ndogo), bili ya umeme (Lumbesa), msitu (Theluji). Sijashawishika kuwa ni moja. Lakini sijaachia ya kwangu.

#30 Mwana Thiba

Usiiachie, lakini ipime. Kama kuigwa ndiko kulikokula maji, basi tani zilizopotea chini zilipatikana juu. Mkoa kwa ujumla ulivuna zaidi au pungufu? Mpango wa CARD, ushirikiano wa kimataifa wa kukuza kilimo cha mpunga Afrika, wa 2008 pale Yokohama ulilenga kuongeza mpunga wa Afrika kutoka tani milioni 14 hadi 28 ifikapo 2018. Kwenye hesabu ile, hekta ya juu na ya chini ni hekta. Kwa anayelipa mkopo wa mfereji, si sawa.

#31 Kikokotoo

Na ukipima mavuno ya juu, pima sawasawa. Fremu ya mita 1 kwa 1, sehemu tano za jaruba kwa mshazari, usikanyage ukingoni ambako mpunga hunenepa. Pura, pepeta, pima unyevu. Gramu 700 zikiwa na unyevu wa asilimia 22, zidisha kwa 78, gawanya kwa 86, unapata gramu 635 kwa unyevu wa 14, yaani tani 6.35 kwa hekta. Anayeruka hatua ya unyevu ana tani 7 za karatasi. Na msiniletee magunia, gunia la kilo 80 na lumbesa si kitu kimoja.

#32 Lumbesa

Jina langu limetajwa bila kosa 😄. Kikokotoo, swali la mwisho kabla sijalala: mto wenyewe juu ya mabanio mnapimaje bila kifaa?

#33 Kikokotoo

Tafuta mita 10 za mto zilizonyooka. Pima upana, pima kina kila nusu mita ukikatiza, zidisha upate eneo. Tupa chungwa katikati, hesabu sekunde kutoka kamba hadi kamba, rudia mara tano. Mita 10 gawanya kwa wastani wa sekunde, kisha zidisha kwa 0.8 kwa sababu uso wa maji unakimbia kuliko chini. Zidisha kwa eneo. Fanya hivyo juu ya mfongo wa kwanza na tena banioni, siku moja, asubuhi. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mnayogombania. Pimeni Oktoba, kabla ya vuli.

#34 Mfongo

Chungwa, si limao. Limao dogo linanasa kwenye majani. Na msipime peke yenu, mwite mwenyekiti wa mfongo wa juu ashike kamba ya kwanza.